Kusoma Bila Mtu wa Kati

Kwa miaka kadhaa baada ya macho yangu kuzimika, kila karatasi iliyoandikwa jina langu ilisomwa kwanza na mtu mwingine. Barua za kazi, majibu ya vipimo vya hospitali, taarifa za akaunti, hata kadi za mialiko, vyote vilipita machoni mwa mtu kabla havijafika masikioni mwangu. Walionisomea walikuwa watu wema na sina kinyongo na yeyote kati yao, lakini anayesomewa hutambua upesi kwamba hapewi barua yenyewe, hupewa barua kama msomaji alivyoamua kuitoa. Msomaji huruka anachokiona hakina maana, hufupisha aya ndefu kwa kusema "hapa wanaelezaeleza tu mambo yao", na mara nyingine husita kabla ya mstari fulani, nawe unabaki ukijiuliza kilichopitishwa kimyakimya ni nini. Binamu yangu aliwahi kunisomea majibu ya daktari: alisoma vizuri hadi katikati ya ukurasa, akakohoa, kisha akaendelea na tarehe ya miadi inayofuata. Sentensi iliyokuwa kati ya kikohozi na tarehe niliipata baadaye sana, nayo ndiyo iliyonihusu kuliko zote.

Naanza na habari hizi kwa sababu wengi wanaozungumzia teknolojia ya kidijitali na watu wasioona hupenda kusema kwamba inatupatia macho mapya. Mimi sijapata macho mapya. Nilichopata ni uwezo wa kuamua lini nimwite mtu wa kunisomea na lini nisome peke yangu, na uwezo huo umebadilisha kazi yangu, mambo yangu ya fedha na hata namna ninavyobishana na watu, maana siku hizi nabishana nikiwa nimeshausoma mkataba mwenyewe.

Uoni wangu ulichukuliwa na glakoma, ugonjwa ambao watu wengi huuita presha ya macho. Huharibu neva inayounganisha jicho na ubongo, na katika aina yake iliyozoeleka hula uoni polepole kutoka pembezoni kuelekea katikati, bila maumivu, kiasi kwamba mtu huanza kujigonga kwenye milango kabla hajashuku kwamba anaumwa. Uoni uliokwisha kupotea haurudishwi na matone wala upasuaji. Matibabu hulinda uliobaki. Kwa hiyo nilipitia kipindi kirefu cha uoni hafifu kabla ya kutoona kabisa, na nakitaja kwa makusudi kwa kuwa walio katika hali hiyo husahaulika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona, ya karibu au ya mbali, na sehemu kubwa kabisa yao si vipofu. Wengi hawahitaji kompyuta inayoongea. Wanahitaji maandishi yanayokuzwa bila kukatika pembeni, na rangi zinazotofautiana vya kutosha. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, lakini wabunifu bado wanapenda kijivu juu ya kijivu, na enzi zile nilikuwa nasogeza uso hadi pua ikaribie kugusa skrini ili nijue kama kilichoandikwa ni 3 au 8.

Uoni ulipokwisha kabisa niligeukia kisoma skrini. Wengi hudhani kwamba programu hii huitazama skrini na kusema inachokiona, lakini kwa kawaida haifanyi hivyo. Huuliza mfumo wa kompyuta kuna nini mahali nilipo, na mfumo hujibu kwa kutaja jina la kitu, aina yake na hali yake: "Hifadhi, kitufe", au "Nakubali masharti, kisanduku cha kuteua, hakijateuliwa". Majibu hayo hugeuzwa kuwa sauti, au nukta nundu, maandishi yetu ya kusomwa kwa vidole, kwa aliye na kifaa chake. Maelezo haya ya kiufundi yako nyuma ya karibu kila nafuu na kila adha nitakayoisimulia, kwa sababu kitu ambacho mtengenezaji hakukipa jina, kisoma skrini hakina la kusema juu yake.

Anayeona hutupia ukurasa jicho moja akajua kichwa kiko wapi, picha iko wapi na kitufe cha kulipia kiko wapi. Kwangu ukurasa hauna juu wala chini; hunijia neno baada ya neno, na ustadi wote uko katika kujua kuruka. Katika NVDA na JAWS, visoma skrini viwili vinavyotumika sana kwenye Windows, herufi H hunipeleka kwenye kichwa kinachofuata, T kwenye jedwali na B kwenye kitufe; katika NVDA, K hunipeleka kwenye kiungo. Ukurasa wenye vichwa halisi naumaliza kwa muda mfupi. Ule ambao mwandishi wake amekuza tu herufi na kuzikoleza ili zifanane na kichwa, H hainipeleki popote ndani yake, na inanibidi nisikilize kila kitu tangu menyu ya kwanza.

Sauti niliyoanza nayo ilikuwa ya Kiingereza, na ilisoma Kiswahili kwa namna iliyonichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Baadaye nikapata eSpeak, programu huria ya kutamka maandishi ambayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake nyingi. Ni sauti kavu isiyo na chembe ya hisia, lakini haimezi silabi, na kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa ukaribu, mtu huizoea. Sasa naisikiliza kwa kasi ambayo wenzangu ofisini huidhania ni mlio wa mashine iliyoharibika. (Hilo lina faida yake ndogo: naweza kusoma waraka wa siri kwa sauti ya wazi na asiwepo anayeambulia neno.)

Kazi yangu ni uhasibu, na hapo ndipo nilipouona uzito wa jambo lenyewe. Nilipokuwa nategemea kusomewa, orodha ya mishahara iliondolewa mikononi mwangu, na nisingeweza kulalamika kwa haki, kwa sababu mishahara ya watu ni siri na huwezi kumkabidhi kazi ya siri mtu ambaye lazima amwite wa tatu amsomee. Nikapewa kupokea simu. Hakuna aliyenifukuza wala kunidharau waziwazi. Kazi ilipungua yenyewe kidogokidogo mpaka mezani pangu pakabaki simu tu. Kisoma skrini kilipowekwa kwenye kompyuta yangu nilianza kutembea ndani ya lahajedwali kwa vitufe vya mishale, seli moja baada ya nyingine, nikisikia kichwa cha safu, kiasi na mahali nilipo. Seli yenye fomula hutajwa kwamba ina fomula. Kwa hiyo mtu akichapa jumla kwa mkono mahali palipopaswa kuwa na fomula, mimi nakamata kasoro hiyo kwa kukosa kusikia neno nililolitarajia, wakati wanaoona wanaitazama tarakimu hiyo na kuiona haina tofauti na za jirani yake. Mishahara ilirudi kwangu, na haikurudi kwa huruma.

Lakini kisoma skrini nacho kina historia ya nani anaweza kukipata. JAWS iliasisiwa na Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza uoni katika ajali ya gari mwaka 1978, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989. Ni programu nzuri, ila ni ya kulipia, na kwa muda mrefu bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa mtu asiye na ajira, ilhali wengi wetu tulikosa ajira kwa kuwa hatukuwa na programu ya namna hiyo. Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuandika NVDA mwaka 2006, akaungana na James Teh, naye pia asiyeona, na wakaamua itolewe bure na msimbo wake uwe wazi kwa yeyote. Mimi ni mmoja wa watu ambao wasingekuwa kazini leo pasipo uamuzi huo. Sioni kuwa ni bahati tu kwamba programu zote mbili ziliasisiwa na watu wasioona. Mara kwa mara huletewa vifaa nivijaribu, fimbo zenye vitambuzi na miwani yenye kamera, na vingi kati yake vinajibu maswali ambayo mtu anayeona, akifumba macho kwa dakika tano, hudhani kwamba ndiyo maswali yetu.

Simu ilinitia hofu zaidi kuliko kompyuta. Simu za zamani zilikuwa na vitufe ambavyo kidole kilivijua, na zile za kioo kitupu zilipoenea wengi wetu tuliamini kwamba mlango umefungwa. Mwaka 2009 Apple iliweka VoiceOver ndani ya iPhone 3GS, na mwaka huohuo TalkBack ikaingia kwenye Android. Tangu hapo kisoma skrini kikawa sehemu ya simu yenyewe. Unapitisha kidole juu ya kioo, simu inataja kilicho chini yake bila kukifungua. Unatelezesha kidole kulia, inahamia kwenye kitu kinachofuata. Unagonga mara mbili popote kwenye kioo, na kitu kilichotajwa mwisho ndicho kinachofunguka. Mikono inahitaji muda kuzoea, lakini ikishazoea haisahau.

Jambo ambalo wanaoona hawalitarajii ni kwamba naweza kuizima nuru ya skrini kabisa huku simu ikiendelea kufanya kazi. Nikiwa na kipokea sauti sikioni, nasoma ujumbe, natuma fedha na kuingiza nambari ya siri, na aliyeketi karibu nami haoni chochote ila kioo cheusi. Aliyewahi kumtajia mtu mwingine nambari yake ya siri ili asaidiwe kutoa fedha zake mwenyewe, kisha akalala usiku akijiuliza kama salio alilotajiwa ndilo salio lililopo, hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini kioo hicho cheusi nakithamini kuliko kifaa kingine chochote.

Kuna wanaosema kwamba sauti imezifanya nukta nundu kuwa jambo la kizamani. Nawapinga, ingawa mimi mwenyewe nilijifunza nukta nundu nikiwa mtu mzima na vidole vyangu vingali vizito. Louis Braille alibuni mfumo wake nchini Ufaransa akiwa bado kijana, akauchapisha mwaka 1829: nukta sita zinazotoa michanganyiko 63. Teknolojia ya kidijitali imeupunguzia mfumo huo uzito, maana kitabu kimoja cha nukta nundu huweza kuwa majuzuu kadhaa manene, wakati kifaa cha kielektroniki huinua na kushusha pini ndogo mstari mmoja kwa wakati, aghalabu seli, yaani nafasi za herufi, 20 au 40, na mkoba mmoja unabeba maktaba. Tatizo ni kwamba vifaa hivi bado ni ghali mno, na wanaovihitaji zaidi, yaani watoto wa shule, ndio wasioweza kuvinunua. Anayesikiliza tu hajui jina limeandikwaje, wala mwandishi ameweka mkato au nukta mkato wapi. Mimi nambari za akaunti nazihakiki kwa vidole, kwa kuwa sikio lililochoka hupokea tarakimu lililozitarajia. Mtoto asiyeona akilelewa kwa sauti peke yake atakuwa msikilizaji hodari asiyejua tahajia, na kosa halitakuwa lake.

Adha nazo zipo, na nyingi zake ni za kizembe. Taasisi moja ambayo nilikuwa nawasilisha kwake hesabu kila mwezi ilibadilisha mfumo wake, na kitufe kilichoitwa "Wasilisha" kikawa mchoro wa mshale usio na jina. Kisoma skrini kilisema "kitufe" kikanyamaza. Kando yake palikuwa na vitufe vingine, vyote "kitufe", "kitufe", na kimojawapo, kama nilivyoambiwa baadaye, kilikuwa cha kufuta kila kilichojazwa. Mimi niliyekuwa nawasilisha hesabu hizo peke yangu nikarudi kumwita mtu anisomee skrini, mpaka walipokubali kufanya marekebisho, ambayo yalikuwa mstari mmoja wa msimbo. Matangazo yanayosambazwa kama picha, bila maelezo yoyote ya maandishi, huniambia "picha" na hakuna zaidi. Nyaraka zilizoskaniwa ni hivyohivyo: kwa mwanadamu ni barua, kwa kompyuta ni picha ya barua. Utambuzi wa herufi unasaidia sana hapa. Mashine ya kusomea maandishi aliyoitoa Ray Kurzweil mwaka 1976 ilijaza meza. Leo kazi hiyo inafanywa na simu iliyo mfukoni. Hata hivyo, ipe simu hiyo jedwali lililoskaniwa kwa mshazari, nayo itakurudishia tarakimu zisizojua ni za safu ipi.

Vitabu ni uwanja mwingine ambamo kizuizi kilikuwa sheria zaidi kuliko mashine. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala zinazofikika zitengenezwe na kuvuka mipaka bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kila mara. Kabla yake, kitabu kilekile kiliweza kuchapwa upya kwa nukta nundu katika nchi mbili, kwa gharama mara mbili, kwa kuwa nakala moja haikuruhusiwa kusafiri.

Na sasa imekuja akili mnemba. Programu ya simu ya Be My Eyes ilianza mwaka 2015 kwa kutuunganisha na watu wa kujitolea wanaoona, kwa njia ya video. Unaelekeza kamera, mtu usiyemjua anakuambia rangi ya shati. Seeing AI ya Microsoft, inayotumia mashine badala ya watu, ilifuata mwaka 2017, na tangu mwaka 2023 Be My Eyes yenyewe inaweza kumweka kando binadamu na kuiachia mashine iieleze picha. Naitumia kila siku, na matokeo yake yamenishangaza: picha za jamaa ambazo zilikuwa neno "picha" tu sasa zina nyuso, nguo na mandhari, na naweza kuuliza swali la pili na la tatu kuhusu picha ileile bila kumchosha mtu. Lakini niliwahi kuipigia picha kasha la dawa na kuiuliza dawa inaisha muda lini, ikanijibu kwa ufasaha kamili, na tarehe iliyonipa ilikuwa ya kutengenezwa. Mfamasia ndiye aliyeligundua hilo. Ndiyo maana nasema kwamba mtu wa kati amerudi kwa sura nyingine, tena huyu hana dalili. Binamu yangu alipofika penye mstari mgumu alikohoa, nami nikajua kuna jambo. Mashine haikohoi, husoma iliyo sahihi na iliyo ya kubuni kwa sauti moja ileile. Kanuni niliyojiwekea ni kuitumia bila wasiwasi pale ambapo ikikosea nitacheka, na pale ambapo ikikosea nitaumia au nitapoteza fedha, namwita binadamu, tena ninayemchagua mimi.

Siku hizi huwa nafundisha wengine, hasa waliopoteza uoni ukubwani kama mimi, na sijaona kikwazo kikubwa kuliko mapenzi ya nyumbani. Mwanafunzi anatafuta kitufe, kidole chake kiko karibu kabisa, na mke, mume au mtoto anainyakua simu: "Lete, nikufanyie." Simu inarudishwa kazi ikiwa imekwisha, na mwanafunzi hajajifunza chochote isipokuwa kwamba yeye ni mzito. Kwa hiyo nawaomba wasaidizi wakae chumba kingine. Kisha, kabla ya kufundisha kufungua chochote, nafundisha namna ya kuinyamazisha sauti, ambayo kwenye NVDA na JAWS ni kubonyeza tu Control. Mtu asiyejua kuizuia sauti hufukuzana nayo, hubonyeza vitufe ovyo, na kila kitufe huzaa maneno mapya juu ya yale ambayo hakuyaelewa. Akishajua kwamba anaweza kuikatisha wakati wowote, mabega yanashuka, na baada ya hapo kumfundisha H na K ni kazi ya mchana mmoja.

Watengenezaji wa mifumo nao huniuliza waanzie wapi, na wengi hutarajia niwaonyeshe kifaa maalumu cha kununua. Huwaambia wachomoe kipanya, wazime skrini, wawashe kisoma skrini ambacho tayari kimo kwenye kompyuta yao au wakipakue bure, kisha wajaribu kumaliza kazi moja kamili kwa kitufe cha Tab, mishale na Enter: kujiandikisha, kulipa, kuwasilisha. Kila mahali watakaposikia "kitufe" bila jina, waandike jina. Kila mahali watakapoingia wasiweze kutoka, wafungue njia. Fundi wa ile taasisi ya hesabu alilifanya jaribio hilo mbele yangu, akakwama ndani ya fomu aliyoitengeneza mwenyewe kabla hajaufikia ukurasa wa pili, na kuanzia mwezi uliofuata matoleo mapya ya mfumo wao hunifikia mimi kwanza, kabla hayajafunguliwa kwa watu wote.